Vyuma Vilivyokwenda kwa Fundi

Mjomba wangu, kaka wa mama, alikuwa mkereza vyuma, na watu wote walimwita Nukta. Jina hilo lilimpata karakanani akiwa kijana. Msimamizi alimwambia kipande alichokata kimezidi unywele mmoja, naye badala ya kuomba radhi akauliza, "Unywele wa nani, bosi? Wako au wa mkeo?" Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega, wakasema huyu anataka vipimo mpaka nukta. Nukta ikamganda.

Alikaa katika karakana ile miaka thelathini na moja. Kila kazi ilikuja na karatasi yake: mchoro, vipimo, na sahihi ya mtu aliyekaa ghorofani. Yeye alisoma karatasi, akafunga chuma kwenye kerezo, mashine ya kukatia chuma kwa kukizungusha, akakata kama ilivyoandikwa. Kipande kikitoka kilikwenda zake, na kama kiliishia kwenye pampu au kwenye kinu hilo halikuwa lake. Karakana ilipofungwa, alinunua kerezo dogo lililochakaa akaliweka katika chumba cha mbele cha nyumba yake, mahali ambapo mkaza mjomba, yaani mkewe, alikwisha kupapangia makochi.

"Kwa wenzangu mgeni akiinuka kwenye kiti anaondoka na harufu ya sabuni," mkaza mjomba alikuwa akituambia. "Kwangu anaondoka na chuma matakoni."

Miaka kumi na miwili ilipita hivyo. Watu walileta bawaba zilizokatika, pini za mikokoteni, vishikio vya milango. Kazi ndogo ndogo, za kuiga kitu kilichopo. Halafu asubuhi moja akaingia mwanamke wa miaka thelathini na kitu, penseli sikioni, unga wa mbao kwenye nyusi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ndani, angalia usikanyage hayo maranda ya chuma, yanakata."

"Nimefuata vyuma vya baba."

Mjomba akazima kerezo. "Vyuma gani?"

"Vya mashine ya kuranda. Alivipeleka kwa fundi miaka kumi na moja iliyopita. Baba amefariki, huu mwezi wa nne sasa, ndiyo nimeanza kuvifuatilia. Nimekwenda kwa wakereza wote wa mji huu. Umebaki wewe."

"Pole sana kwa msiba. Ila mimi sikumbuki kuletewa vyuma vya mashine ya kuranda."

"Wenzako pia hawakumbuki," alisema yule mwanamke, si kwa kejeli, kwa uchovu tu. "Na baba hakuwa mwongo. Kila nilipomuuliza mbona mashine haifanyi kazi, jibu lake lilikuwa moja: vyuma vimekwenda kwa fundi. Sasa kama wote si nyinyi, ni nani?"

Akaacha maelekezo ya karakana yake ya useremala, akaenda.

Hapo ndipo kichwa cha mjomba kilipoanza kuzunguka. Hesabu ilikuwa rahisi na mbaya. Kati ya wakereza wote, hajabaki mwingine. Na yeye miaka kumi na moja iliyopita alikwisha fungua kazi. Je, kama kweli aliletewa, akaviweka mahali, akasahau? Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Wiki iliyotangulia alikwenda jikoni kuchukua kitu akasimama katikati ya jiko kama mgeni.

Akashusha maboksi yote ya rafuni. Akakuta nusu ya kitasa, funguo za kufuli zisizojulikana, kishikio cha cherehani, gurudumu la kiti cha magurudumu, vyote vya watu ambao hawakurudi. Siku ya pili akatafuta chini ya kitanda. Siku ya tatu akawa anapekua kabati la vyombo.

"Unatafuta nini humo?" mkaza mjomba akamuuliza.

"Vyuma."

"Vyuma gani?"

"Hata sijui vikoje."

Mkaza mjomba akamwondolea sahani mkononi. "Mtu hatafuti kitu asichokijua kilivyo, baba watoto. Nenda kaione hiyo mashine."

"Ndiyo," akasema mjomba, kana kwamba lilikuwa wazo lake. "Nikiliona pengo huenda nikakumbuka jino."

*

Karakana ya yule seremala ilikuwa banda refu la mabati, upande mmoja wazi kuelekea uani. Meza mbili za kazi, misumeno ikining'inia kwa ukubwa wake, randa za mkono zimepangwa kama viatu mlangoni. Mashine ya kuranda ilikuwa mwisho kabisa, imefunikwa turubai. Seremala alipolivuta, mjomba akatoa sauti ya chini. Ilikuwa mashine ya zamani, chuma kizito cha kumimina, rangi yake ya kijani imebaki kwenye pembe tu.

Seremala akamweleza jinsi inavyofanya kazi, kwa kunyoosha kidole. Ubao unaingia mbele. Rola mbili zenye makovu zinaubana na kuuvuta. Juu, katikati, kuna bomba nene lenye visu vitatu, linazunguka kwa kasi na kuparua ubao mpaka unakuwa laini na unene mmoja. Mota moja inazungusha visu na rola pamoja, ila nguvu ya kwenda kwenye rola inapita ubavuni, kwenye gia.

Mjomba akafungua kifuniko cha ubavuni. Juu kulikuwa na gia ndogo inayotoka kwenye mota. Chini kulikuwa na gia kubwa ya rola. Katikati, hewa tupu. Nguvu ilikuwa inafika juu na haishuki chini. Palikuwa na kipande cha chuma kama mkono, kina mwanya mrefu, na katika mwanya huo pini moja iliyofungwa kwa nati.

Akainama mpaka pua ikakaribia pini ile.

"Hivi hapa hapakuvunjika kitu," akasema mwishowe. "Gia ikivunjika inaacha meno, inaacha mikwaruzo. Hii ilitolewa kwa spana, polepole. Na baada ya kutolewa, mtu akairudisha nati na kuikaza. Tena amepaka grisi." Akagusa kwa kidole. "Unapaka wewe?"

"Mimi? Sijafungua hapo tangu nizaliwe. Baba hakutaka mtu apaguse. Hapo ndipo palipomla vidole."

"Vidole vipi?"

"Viwili, vya mkono wa kushoto. Alikuwa anatia mafuta huku mashine inazunguka, kifuniko kiko wazi, gia zikamvuta. Miaka kumi na moja iliyopita. Baada ya hapo ndiyo vyuma vikaenda kwa fundi, naye akarudi kwenye randa ya mkono. Mpaka amekufa, randa ya mkono."

Wakati huo mama yake seremala alikuwa ameingia na birika la chai na vikombe vitatu. Alikuwa mwanamke wa miaka sabini, mwembamba, mwenye mwendo wa haraka. Mjomba akamwamkia, akaitikia, akamimina chai bila kuangalia vikombe. Macho yake yalikuwa kwenye kifuniko kilicho wazi.

"Itazunguka tena hiyo?" akauliza.

"Inshallah, mama. Kikipatikana kinachokosekana."

"Na kikikosekana?"

"Nitakitengeneza."

Bibi akaweka birika chini, akaondoka bila kunywa chai yake.

Mjomba alirudi nyumbani amefarijika na amechanganyikiwa kwa pamoja. Amefarijika kwa sababu sasa alikuwa na hakika hakuwahi kuletewa gia ile. Chuma alichowahi kukishika, mkono wake haukisahau. Amechanganyikiwa kwa sababu hakuelewa ni mtu gani anatoa gia kwa uangalifu namna ile, halafu anapaka grisi pini isiyobeba kitu.

*

Kutengeneza gia bila mchoro kulimtoa jasho. Alipima kutoka gia ya juu mpaka ya chini, akapima upana wa meno, akahesabu, akafuta, akahesabu tena kwenye ukuta kwa chaki. Mwisho akapata: gia moja yenye meno arobaini na sita ingejaza pengo sawasawa. Akatafuta puli kuukuu, gurudumu la mkanda wa kinu cha kusaga, akaikereza ikawa kisahani, akaigawa duara yake, akachonga jino baada ya jino kwa siku sita. Jino la arobaini na nne likamvunjikia. Akaanza upya.

Aliporudi karakanani, alilegeza ile pini, akaisogeza katikati ya mwanya, akaivika gia. Iliingia kama kidole kwenye pete. Akazungusha kwa mkono, gia tatu zikazunguka bila kelele. Seremala akapiga makofi. Mama yake alikuwa amesimama nyuma ya meza ya kazi, ameshika ufagio, hafagii.

Fundi umeme, kijana mwenye maneno mengi aliyeitwa Cheche, akaunganisha nyaya. Akawasha. Mashine ikanguruma, vumbi la miaka kumi na moja likaruka. Seremala akasogeza ubao.

Ubao ukagoma. Badala ya kuvutwa ndani, ukarudishwa nje, ukampiga seremala tumboni akaketi chini.

"Rola zinazunguka kinyume!" Cheche akapaza sauti, akazima. "Hilo dogo. Nabadilisha nyaya mbili, mota itazunguka upande wa pili."

Akabadilisha. Akawasha. Safari hii rola ziliubana ubao na kuuvuta vizuri sana. Seremala akacheka. Halafu ukatoka moshi. Ubao ulipofika upande wa pili haukuwa umerandwa, ulikuwa umeungua, una mstari mweusi kama mkate uliosahauliwa motoni. Mjomba akazima mwenyewe, akachungulia. Visu sasa vilikuwa vinazunguka kinyume, vinausugua ubao kwa mgongo.

"Rudisha nyaya," akasema.

Cheche akarudisha. Visu vikawa sawa, rola zikarudi kinyume. Akageuza tena. Rola sawa, visu kinyume. Majirani walianza kukusanyika uani, kila mmoja na utaalamu wake. Mmoja akasema mashine ina jini. Mwingine akasema waingize ubao kwa nyuma.

"Umeme hauna kosa, mzee," Cheche akasema akijifuta shingo. "Umeme unakwenda unakotumwa. Kosa liko kwenye chuma."

"Chuma hakina kosa."

"Basi kosa ni la ubao," akasema Cheche, na watu wakacheka, mjomba peke yake hakucheka.

Alijua tatizo, ila hakuliamini. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua kwamba gia mbili zikishikana zinazunguka kinyume, na ukiongeza ya tatu mwelekeo unageuka tena. Kama rola zilizunguka kinyume, basi palihitajika gia moja zaidi. Lakini pini ilikuwa moja. Pini moja, gia moja. Maisha yake yote alikuwa ameamini kilichoandikwa, na hapa hapakuwa na karatasi, mwandiko pekee ulikuwa ule wa chuma chenyewe, nao ulisema moja. Kama pangekuwa na mbili, pini ya pili iko wapi? Aliona alama mbili zinazong'aa katika mwanya, sehemu mbili tofauti, akajiambia labda pini ilihamishwa zamani. Halafu akajiambia labda mota si ile ya mwanzo. Labda visu viliwekwa kichwa chini miguu juu. Labda alihesabu vibaya tangu kule ukutani. Kila labda ilizaa nyingine, mpaka akawa hajui tena mkono wa kulia ni upi.

Siku tatu alikwenda na kurudi. Siku ya nne hakwenda. Alikaa mezani kwake mchana, chakula mbele yake, akaweka sahani mbili ziguse, akazungusha moja kwa kidole, akatazama nyingine. Akaongeza ya tatu. Akaongeza ya nne. Akarudisha ya nne kabatini. Akaitoa tena.

"Wali unapoa," mkaza mjomba akasema.

"Ziko tatu au nne?"

"Sahani?"

"Gia."

"Mimi gia sizijui." Mkaza mjomba akaketi mkabala naye, akamsogezea mboga. "Ninachojua ni hiki. Mtu akipoteza kitu ndani ya nyumba hii, haulizi ukuta, ananiuliza mimi, kwa sababu mimi ndiye ninayefagia. Pale kwao anafagia nani?"

Mjomba akaacha sahani zizunguke zenyewe mpaka zikasimama.

*

Alikwenda alasiri ile ile. Seremala alikuwa anaranda mlango kwa mkono, jasho linamchuruzika. Mama yake alikuwa anakusanya maranda kwenye gunia.

Mjomba hakujua aanzeje. Kwa kawaida yeye hakuwahoji watu. Akasimama mbele ya bibi na kofia mkononi.

"Mama, samahani. Wewe ndiye unayefagia humu?"

"Tangu niolewe."

"Basi huenda uliona. Hapo ubavuni mwa mashine, katikati palipo wazi, gia zilikuwa ngapi?"

Bibi aliendelea kusokomeza maranda. Gunia lilikuwa limejaa lakini aliendelea kusokomeza. Halafu akasema, bila kuinua kichwa:

"Zilikuwa mbili."

"Una hakika?"

"Nilizitoa kwa mikono yangu."

Randa ya seremala ikanyamaza katikati ya mlango.

"Yeye alikuwa amekwenda kubadilishiwa bendeji," bibi akasema. "Nikachukua spana. Alikuwa amenifundisha mwenyewe, enzi zile tunasafisha pamoja Jumamosi. Nikazitoa zote mbili, na pini moja iliyokuja na gia yake. Pini ya pili ilinishinda kuitoa, nikaiacha. Nikaweka kila kitu kwenye mfuko na nati zake, nikaenda nikatumbukiza kwenye shimo la choo. Msizitafute. Choo chenyewe kilishafukiwa."

"Mama," seremala akasema. "Miaka kumi na moja."

"Najua ni mingapi."

"Miaka kumi na moja baba ameranda kwa mkono! Bega likamwisha! Ulikuwa unamkanda mafuta usiku, unamwambia pole, na gia umezitupa wewe?"

"Alikuwa na vidole vinane," bibi akasema. Sauti yake haikupanda. "Nilitaka afe na vinane. Na amekufa na vinane."

Seremala akaiweka randa chini, akatoka uani. Kupitia upande ule wazi walimwona amesimama karibu na rundo la mbao, mikono kiunoni, mgongo kwao.

Mjomba alitamani kuondoka. Aliyekuwa amefuata hesabu ya gia sasa alikuwa amesimama katikati ya ndoa ya watu. Lakini kulikuwa na jambo lililomkereketa akilini, na yeye hakuwa mtu wa kuacha kipimo kisichokubaliana.

"Mama, umesema ulitupa na nati."

"Zote. Zilikuwa kwenye mfuko."

"Basi hii si yako." Akamwongoza mpaka kwenye mashine, akaokota nati aliyoitoa kwenye ile pini siku ya kuvika gia, ambayo alikuwa ameiweka juu ya fremu. "Hii ilikuwa imefungwa pale. Nati ya baadaye, si ya mashine, imenunuliwa dukani. Na pini ilikuwa na grisi. Ya chini imekauka imekuwa nyeusi, ya juu yake bado laini. Ilipakwa mara nyingi. Mara ya mwisho haijafika hata mwaka."

Bibi aliipokea nati akaigeuza kiganjani.

"Mimi sijagusa hapo tena tangu siku ile."

"Binti yako naye anasema hajagusa."

"Kwa hiyo ni yeye."

"Hakuna mwingine, mama."

"Kwa hiyo alijua?"

Mjomba akajikuna kichwa. "Alijua gia hazipo. Ila kwamba ni wewe..."

"Nani tena? Mwizi haji na spana akaacha mota ya shaba." Akaketi juu ya gunia la maranda, polepole, kama mtu anayeangalia kama kiti kipo. "Jioni ile alifika, akafungua, akafunga. Akaosha mkono wake mmoja, akala. Kesho yake akasikika akimwambia jirani, vyuma nimepeleka kwa fundi. Nikasema moyoni, afadhali, anadhani kuna mtu amekuja kuvichukua kwa matengenezo, dawa za maumivu zimemchanganya. Nikakaa kimya. Kila siku nikingoja aniulize. Hakuniuliza. Miaka yote ile nilidhani ninamficha." Akainua macho. "Sasa fundi, nani alikuwa anamficha mwenzake?"

"Acha nifikiri kwanza, mama," mjomba akasema.

Bibi akanyoosha mkono wa kushoto, akakunja vidole viwili vya mwisho. "Kwa mkono kama huu mtu anaweza kuifunga hiyo nati?"

Lilikuwa swali alilolimudu. Akakunja vidole vyake viwili, akavibana, akaiweka nati kwenye pini. Ikamwanguka. Akaiokota, ikaanguka tena. Mara ya tatu ilishika, akaigeuza kidogo kidogo kwa ncha za vidole vitatu, akashika spana kwa mkono wa kulia, akakaza. Seremala alikuwa amerudi, amesimama kando ya nguzo, macho mekundu, anatazama.

"Inawezekana," mjomba akasema. "Inachelewa tu."

"Na kwa nini apake grisi?" seremala akauliza. "Kwa nini asinunue gia nyingine akaiweka? Kama alikuwa anaitaka mashine, kwa nini hakusema? Na kama hakuitaka, kwa nini aipake grisi?"

Wote wawili wakamgeukia mjomba, kwa kuwa ndiye aliyekuwa fundi. Akatazama pini.

"Pini isiyopakwa grisi inaota kutu," akasema. Ndicho kitu pekee alichokuwa na hakika nacho.

*

Akatengeneza gia mbili, kila moja meno ishirini na matatu, na pini mpya. Hazikumsumbua. Kabla ya kuzifunga, bibi alileta sharti: kifuniko kile cha kubonyeza kwa kidole hakitaki. Anataka kisichofunguka bila spana, tena bolti nne, ili mtu mwenye haraka akate tamaa. Mjomba akamtengenezea cha bolti sita.

Siku ya kujaribu, seremala na mama yake walikuwa hawajasemeshana vizuri kwa siku tisa. Mambo yalipitia kwa Cheche: mwambie mama asogee, mwambie huyo avae kitu machoni. Cheche, ambaye hakuelewa kilichotokea na hakuna aliyemweleza, alifikisha salamu hizo mita mbili huku na huku kama posta.

Mashine ikawashwa. Ubao ukaingia, rola zikaumeza, visu vikalia, na upande wa pili ukatoka mweupe na laini, harufu ya mti mbichi ikajaa banda zima. Seremala akapitisha kiganja juu yake. Akasimama hivyo, kisha akauinua ubao wote akaupeleka kwa mama yake bila kupitia kwa Cheche.

Bibi akaupapasa. "Yeye angesema umebaki unywele," akasema.

"Angesema," seremala akajibu.

Hayo ndiyo yalikuwa maneno yao ya kwanza. Sijui ya pili yalikuwa yapi, maana mjomba alikuwa anakusanya spana zake. Ninachojua ni kwamba mashine ile inafanya kazi mpaka leo, na kwamba kila miezi michache bibi humtumia mjomba ujumbe, si wa kazi, ni wa lile swali lake la nani alimficha mwenzake. Anamuuliza, "Umefikiri?" Naye humjibu, "Bado, mama."

Seremala alimsindikiza mpaka barabarani siku ile. Njiani akauliza kwa sauti ya mtoto, "Mzee, sasa mimi nimkasirikie nani? Mama aliyetupa, au baba aliyenyamaza? Au mimi, niliyefanya kazi pembeni ya mashine ile miaka yote nisifungue kifuniko?"

"Mimi ni mkereza vyuma, mwanangu," mjomba akasema.

"Najua. Nauliza tu."

"Ningekuwa najua, wallahi ningekwambia."

Wakaagana. Alitembea huku akilipima swali lile, akiligeuza, akitafuta pa kulifunga. Mtu mmoja alimwamkia akaitikia jina jingine. Akavuka barabara pasipohitaji kuvuka, akavuka tena kurudi.

"Wewe!" sauti ya mkaza mjomba ikamfuata kutoka nyuma. "Baba watoto! Unakwenda wapi?"

Akageuka. Mkewe alikuwa amesimama mlangoni, kitambaa cha vyombo begani, nyumba tatu nyuma. Mjomba akatazama mlango aliokuwa ameukaribia, mkono wake tayari umenyooshwa kushika kitasa. Ulikuwa wa jirani.